Visahani vitano kwa hatua 27: inawezekana kweli?

#1 Mpenda_Mafumbo, Nakuru

Habari wakuu. Nina ubishi na jirani yangu hapa Free Area, umefika mahali tunahitaji watu wa nje. Mnaujua ule mchezo wa mbao wa Mnara wa Hanoi: ubao mmoja, vijiti vitatu vimesimama, na visahani vya mbao vyenye tundu katikati vimepangwa kwenye kijiti cha kwanza, kikubwa chini, kidogo juu. Kazi ni kuhamisha mnara wote hadi kijiti cha tatu. Unahamisha kisahani kimoja kimoja, na kikubwa hakikalii kidogo.

Jirani ana visahani vitano. Anasema anamaliza kwa hatua 27, na amefanya hivyo mbele yangu akihesabu kwa sauti. Mimi sishuki chini ya 31 hata nifanye nini. Mkono wake ni mwepesi sana, macho yangu hayakumkamata popote. Je, 27 inawezekana? Na kama haiwezekani, hizo hatua 4 zimepotelea wapi?

#2 Mwalimu_Hesabu, Bungoma

Haiwezekani. Sababu ni fupi, na naipenda sana kwa sababu hata mtoto wa darasa la sita anaielewa.

Mtazame kisahani kikubwa, kile cha chini kabisa. Lazima kihame angalau mara moja. Wakati kinahama, vile vinne vingine haviwezi kuwa juu yake, na haviwezi kuwa kwenye kijiti kinakokwenda, maana vyote ni vidogo kuliko chenyewe. Basi vyote vinne viko kwenye kijiti kimoja kilichobaki, vimejipanga kama mnara. Kwa hiyo kabla kikubwa hakijasogea umeshahamisha mnara mzima wa vinne, na kikishasogea unauhamisha tena uje ukae juu yake.

Mnara wa vinne ni hatua 15. Wa vitano basi ni 15, na 1, na 15 tena: 31. Hiyo 15 nayo imetoka kwenye vitatu (7, 1, 7), na 7 imetoka kwenye viwili (3, 1, 3). Ukitaka njia ya mkato, andika 2 mara nyingi kama visahani ulivyo navyo, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Hapo hakuna pa kuchomoa hatua hata moja.

#3 Mvuvi_wa_Dunga, Kisumu

Mwalimu, umejibu nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: mtu kahesabu 27 mbele ya shahidi, zilizobaki ziko wapi?

Mimi nauliza kwanza, huyo jirani ana vijiti vingapi? Vikiwa vinne mambo yanabadilika kabisa. Visahani vitano vinahama kwa hatua 13 tu, na vinane vinahama kwa 33 badala ya 255.

#4 Mpenda_Mafumbo, Nakuru

Vijiti ni vitatu, Mvuvi. Nimevihesabu.

#5 Fundi_Kibuye, Kisumu

Mimi natengeneza hii kitu, wacha niseme ninachokijua. Tatizo kubwa la visahani vya mbao ni vanishi. Ukipaka leo ukapanga kesho, haijakauka ndani hata kama juu inaonekana kavu. Vile viwili vya juu vinanatana. Mtu akinyanyua kidogo, cha pili kinakuja nacho, na kwa kuwa vimepishana kidogo tu kwa upana huoni haraka.

Sasa piga hesabu. Kuhamisha vile viwili vidogo kihalali ni hatua 3. Vikinatana ni hatua 1, umeokoa 2. Ikitokea mara mbili tu kwenye mchezo mzima, umeokoa 4. 31 toa 4 ni 27. Mwambie jirani akupe visahani vyake uvitenganishe kwa kucha.

#6 Dada_wa_Programu, Kisumu

Fundi, hapo umenigusa. Lakini kuna njia nyingine inayofika 27 vilevile, na hii mimi nimeiona kwa macho yangu pale tulipokuwa tukijifunza kuandika programu. Mwenzetu mmoja alikuwa na mazoea haya: kidogo ananyanyua kwa mkono wa kushoto, anakishikilia hewani, wa kulia unahamisha cha pili, kisha anakitua kidogo juu yake. Anahesabu "moja, mbili". Kisheria ni tatu, kwa sababu kidogo kilitakiwa kitue kwenye kijiti kabla cha pili hakijaguswa.

Mkono unaoshikilia kisahani ni kijiti cha nne. Kila ukifanya hivyo unaokoa hatua 1. Mara nne, 27.

#7 Mwalimu_Hesabu, Bungoma

Zote mbili hesabu yake ni sahihi. Ila zina shida moja. Katika mchezo wa visahani vitano, ile jozi ya vidogo inahama mara 8. Kama jirani ana mazoea ya kushikilia kidogo hewani, mbona hafanyi mara zote 8 afike 23? Na kama vinanatana kwa vanishi, mbona vinanatana mara mbili tu halafu vinaachana? Mazoea hayachagui.

#8 Fundi_Kibuye, Kisumu

Vanishi inachagua, mwalimu. Vikigandamizwa kwa nguvu vinanata, vikitua polepole havinati. Na jua likiwaka, ndio kabisa.

#9 Mama_Wawili, Kakamega

Samahani naingilia. Je, kuna mtu aliyeuona mnara kabla hajaanza? Nauliza kwa sababu hapa nyumbani mtoto wangu mdogo akiuacha mchezo njiani, mkubwa anakuja anaendelea kutoka alipoachia na anadai amemaliza kwa hatua chache.

Nimejaribu sasa hivi. Nimeanza vizuri, nikapiga hatua 4 za kwanza, nikasimama. Mnara unaonekana hivi: viwili vikubwa bado viko kijiti cha kwanza, viwili vidogo viko cha kati, na kile cha tatu kiko peke yake kijiti cha mwisho. Kutoka hapo hadi mwisho ni 27 kamili.

#10 Mvuvi_wa_Dunga, Kisumu

Mama Wawili umemaliza kesi! Mpenda_Mafumbo, toa ushahidi. Mnara ulikuwa umesimama mzima au la?

#11 Mpenda_Mafumbo, Nakuru

Nilimkuta ameupakata, tunaongea mambo ya maji ya mtaa. Akasema "sasa tazama", akaanza. Nikitafakari, nilianza kutazama mikono baada ya sauti. Siwezi kuapa.

#12 Mzee_Bondeni, Nakuru

Vijana mnatafuta mbali. Mtu akihesabu kwa sauti na mikono inafanya kazi, ulimi unachelewa. "Tatu, nne, tano" zinakwenda na mkono. Ukifika "kumi na saba, kumi na nane" mkono umeshakwenda mbili, ulimi moja. Nimehesabu magunia ya mahindi maisha yangu yote, na kila mara kosa linaingia baada ya kumi, halafu linaingia kwa upande wa kupunguza. Ndiyo maana tulikuwa tunatumia vijiti, kila gunia kijiti kimoja. Mpe jirani punje 31 za mahindi, kila hatua aangushe moja kwenye bakuli.

#13 Mwalimu_Hesabu, Bungoma

Mzee, hiyo ya punje naichukua darasani. Asante.

#14 Simba_wa_Mumias

Mimi nilisikia huu mchezo ni wa kale sana, ulitoka kwenye hekalu huko Vietnam, na makuhani wakimaliza kuhamisha visahani dunia inaisha. Sasa tukiucheza si tunaharakisha?

#15 Dada_wa_Programu, Kisumu

Simba, si wa kale na haukutoka Vietnam. Ulitungwa na Mfaransa, Édouard Lucas, mwanahisabati aliyezaliwa Amiens mwaka 1842. Uliuzwa kama kichezeo mwaka 1883 ukiwa na visahani 8. Kwenye boksi hakuandika jina lake. Aliandika kwamba umeletwa na "N. Claus (de Siam)", msomi wa chuo cha "Li-Sou-Stian". Panga upya herufi za "N. Claus de Siam" utapata "Lucas d'Amiens", yaani Lucas wa Amiens. Na "Li-Sou-Stian" ni Saint-Louis, shule ya Paris alikofundisha. Fumbo lilianzia kwenye boksi lenyewe.

Hanoi ilikuwa kwenye midomo ya Wafaransa wakati ule kwa sababu ya vita vyao vya kuiteka nchi hiyo, na nadhani jina lilichaguliwa ili liuze.

#16 Simba_wa_Mumias

Na hekalu?

#17 Dada_wa_Programu, Kisumu

Hekalu liliwekwa Benares, India, si Vietnam, na ni hadithi iliyotungwa kuusindikiza mchezo. Mwaka 1884 Mfaransa mwingine, Henri de Parville, aliiandika kwa mapambo zaidi: sindano tatu za almasi, visahani 64 vya dhahabu, makuhani wanahamisha usiku na mchana.

#18 Mwalimu_Hesabu, Bungoma

Na usiogope kuharakisha. Visahani 64 vinahitaji hatua 18,446,744,073,709,551,615. Kuhani akihamisha kimoja kila sekunde bila kulala wala kukosea, ni takriban miaka bilioni 585. Ulimwengu wenyewe, pamoja na jua na nyota, una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi. Endelea kucheza.

Wanafunzi wangu wanashtuka nikiwaambia kwamba hiyo ndiyo namba ileile ya ngano kwenye ubao wa sataranji: punje 1 kwenye mraba wa kwanza, 2 wa pili, 4 wa tatu, hadi mraba wa 64. Jumla yake haizidi wala haipungui hata punje moja.

#19 Mzee_Bondeni, Nakuru

Lucas huyo aliishije? Mtu wa namna hiyo hakosi visa.

#20 Dada_wa_Programu, Kisumu

Alikufa vibaya, mzee. Mwaka 1891 alikuwa kwenye karamu ya mkutano wa wanasayansi, mhudumu akaangusha vyombo, kipande cha sahani kikaruka kikamkata shavuni. Kidonda kikaingiwa na maambukizi, akafariki baada ya siku chache. Hakufika miaka 50.

Lakini alikuwa ameshaacha kazi kubwa. Mwaka 1876 alithibitisha, kwa mkono, kwamba ukiandika 2 mara 127, ukazizidisha zote pamoja, kisha ukatoa 1, unapata namba tasa. Ina tarakimu 39. Na sasa sikilizeni: mnara wa visahani 7 unahitaji hatua ngapi? 127.

#21 Mvuvi_wa_Dunga, Kisumu

Hapo kwenye 127 nimesimama nikatembea kidogo.

#22 Mama_Wawili, Kakamega

Turudi kwa watoto jamani. Binti yangu anamaliza vitatu akiwa amefumba jicho moja, lakini vikiwa vinne anazunguka tu, anarudi pale pale. Sina seti ya dukani, nimekata maboksi ya unga kuwa duara na nimechora miraba mitatu kwenye karatasi badala ya vijiti. Inacheza vizuri tu. Kwa nini vinne vinamshinda?

#23 Mwalimu_Hesabu, Bungoma

Kwa sababu anatazama kidogo. Wote wanaanza hivyo. Muulize swali moja tu: "Kile kikubwa kinataka kwenda wapi, na nani anamzuia?" Kisha: "Hao wanaomzuia waende wapi?" Akilijibu hilo, atakuwa anacheza mnara wa vitatu anaoujua tayari, mara mbili. Usimwonyeshe hatua.

#24 Dada_wa_Programu, Kisumu

Naheshimu hiyo, mwalimu, lakini nadhani tatizo ni hatua ya kwanza. Vitatu, kidogo kinaanza kwa kwenda kijiti cha mwisho. Vinne, kinaanza kwa kwenda cha kati. Yeye amezoea vitatu, anaanza vinne kwa njia ileile, mnara unamjengekea kijiti cha kati na anachanganyikiwa. Idadi ikiwa witiri, anza na cha mwisho. Ikiwa shufwa, anza na cha kati. Baada ya hapo kidogo kinahama kila baada ya hatua moja, kikizunguka upande uleule daima, na zile hatua za katikati hazina uchaguzi, ni moja tu inayoruhusiwa.

#25 Fundi_Kibuye, Kisumu

Mimi nina dawa ya tatu. Paka visahani rangi mbili kwa kupokezana: cheusi, cheupe, cheusi, cheupe. Ukicheza kwa njia fupi, rangi moja haikalii rangi yake kamwe. Mtoto akiona cheusi juu ya cheusi, anajua amepotea. Seti zangu zote za watoto natengeneza hivyo: vingine vimeachwa na rangi yake ya mjakaranda, na vingine vimechovywa wino. Hiyo ya rangi alinifundisha mteja mmoja wa zamani.

#26 Mwalimu_Hesabu, Bungoma

Fundi, kazi yako ni nzuri lakini rangi inamwibia mtoto. Atamaliza bila kujua kwa nini. Na wewe dada, kanuni yako ya kuzunguka ni kweli tupu, lakini mtu anaweza kuhamisha visahani kumi, hatua 1,023, akiwa anafikiria chakula cha jioni. Nikimkuta mwanafunzi anacheza hivyo simpi alama.

#27 Dada_wa_Programu, Kisumu

Mwalimu, mimi nimeielewa programu inayojiita yenyewe kwa sababu ya mchezo huu. Darasani iliandikwa ubaoni kwa mistari michache: hamisha vya juu, hamisha kikubwa, hamisha vya juu tena. Sikuelewa kitu. Jioni nikakata karatasi, nikaanza na kanuni ya kuzunguka kama roboti, mkono ukazoea, na ni mkono uliozoea ndio ulionionyesha kwamba vitatu vimo ndani ya vinne. Wengine wanaanza kwa mkono, akili inafuata. Usiwanyime alama.

#28 Mama_Wawili, Kakamega

Nimemuuliza swali la mwalimu. Akajibu, "Kikubwa hakitaki kwenda popote, mimi ndiye ninataka." Amekwama palepale, lakini sasa anacheka. Nitajaribu la dada kesho.

#29 Mzee_Bondeni, Nakuru

Huyo mtoto mpelekeni shule nzuri.

Kuna kitu sikukubali, Mvuvi alisema vijiti vikiwa vinne visahani vitano ni hatua 13. Nani alithibitisha? Kwa vijiti vitatu mwalimu ametuonyesha. Kwa vinne nimeona namba tu.

#30 Mvuvi_wa_Dunga, Kisumu

Swali la haki, mzee. Hapo ndipo palipowatoa watu jasho. Njia yenyewe ni hii: visahani vitano, chukua viwili vya juu uvifiche kwenye kijiti cha nne kwa hatua 3, vitatu vya chini vihamishe kwa vijiti vitatu vilivyobaki kwa hatua 7, kisha rudisha viwili kwa hatua 3. Jumla 13. Mwingereza Henry Dudeney alikuwa ameshatoa fumbo la aina hii mwanzoni mwa karne iliyopita, akitumia jibini na viti vinne. Mwaka 1941 wanahisabati wawili, Frame na Stewart, walieleza njia ya jumla. Lakini kuthibitisha kwamba hakuna iliyo fupi zaidi, kwa visahani vyovyote, kulingoja hadi 2014, Mfaransa Thierry Bousch alipofanikiwa. Na hiyo ni kwa vijiti vinne peke yake.

#31 Mzee_Bondeni, Nakuru

Miaka 73 kwa kijiti kimoja cha ziada. Basi ajua yetu, ule mchezo wa bao wenye mashimo kumi na sita, itawachukua muda.

#32 Jirani_wa_Free_Area

Hamjambo. Mimi ndiye jirani mnayemjadili. Nimesoma yote.

Kwanza, visahani vyangu havina vanishi, vimepigwa msasa tu. Pili, mkono wangu wa kushoto unashika ubao usicheze, haushiki kisahani. Tatu, mnara nilianza nao ukiwa mzima. Nne, mzee wangu wa Bondeni, shikamoo, lakini kuhesabu najua. Ni 27.

#33 Dada_wa_Programu, Kisumu

Karibu sana. Tuandikie hatua zako kumi za kwanza.

#34 Jirani_wa_Free_Area

Kidogo kwenda kijiti cha kati. Cha pili kwenda cha mwisho. Kidogo juu ya cha pili. Cha tatu kwenda cha kati. Zingine mkono unajua wenyewe, nikianza kuziandika nazisahau.

#35 Mwalimu_Hesabu, Bungoma

Ukianza visahani vitano kwa kwenda kijiti cha kati, njia fupi inakupeleka ujenge mnara kwenye kijiti cha kati. Bado ni 31, lakini Mpenda_Mafumbo alisema unamalizia cha tatu. Yaani ulipofika katikati uligeuza njia, na kugeuza kunaongeza hatua. Sasa nina maswali mengi kuliko mwanzo.

#36 Mpenda_Mafumbo, Nakuru

Anamalizia cha tatu, hilo naliapia. Au aliugeuza ubao nikawa natazama upande wa pili? Kijiti cha kati hubaki cha kati hata ukigeuza.

#37 Fundi_Kibuye, Kisumu

Mbao bila vanishi mwezi huu wa mvua inavimba. Tundu linabana, na kisahani kikinyanyuliwa kinabeba mwenzake. Narudia: viwili vilihama pamoja.

#38 Mama_Wawili, Kakamega

Na mimi narudia: nani aliuona mnara kabla ya sauti?

#39 Fundi_Kibuye, Kisumu

Jirani, Jumapili niko Kibuye sokoni kutwa. Ukija upande huu beba hicho kiseti, na punje za mzee. Ukimaliza kwa 27 mbele yangu nakupa seti ya visahani vinane ya mjakaranda, bure.

#40 Jirani_wa_Free_Area

Nakuja.

#41 Mama_Wawili, Kakamega

Fundi, kabla hujafunga, mtoto wangu mdogo bado anatia kila kitu mdomoni. Wino huo unachovya ni salama?

#42 Fundi_Kibuye, Kisumu

Kwa mtoto wa umri huo nakutengenezea bila rangi kabisa, mama. Msasa mnene kwanza, kisha laini, kingo zote naziviringisha, na kisahani kidogo nakifanya kipana kuliko mdomo wake. Niandikie pembeni unataka vingapi.